Sifuri ya Bi Nyamvula

Watu wa nje huuliza nguvu ni nini, wakachoka, wakaenda kula. Sisi wa ndani hatukuuliza. Tulikuwa nayo migongoni. Lakini mimi nilipewa kazi ya kuipima, na mtu akishapewa kazi ya kupima kitu huanza kujidai anakijua. Hilo ndilo kosa langu la kwanza, nalitaja mapema ili nisionekane nalificha. La pili ni kubwa zaidi na sitalitaja mpaka lifike lenyewe.

Jina langu nadhani ni Kondo. Ndivyo Mwinshehe alivyoniita, na Mwinshehe hakuwa mtu wa kubahatisha. Wengine waliniita Nyapara, kwa kuwa nilikuwa mfungwa niliyewekwa kuwasimamia wafungwa wenzangu, na mtu wa namna hiyo ni popo, ndege wanamkana na wanyama wanamkana. Kosa lililonileta humu nimelisahau. Kila nikilikaribia linageuka kuwa kosa la mtu mwingine, mara la jirani yangu wa selo, mara la askari wa zamu. Kuna siku nilijikuta nimevaa kaki ya askari na hakuna aliyeshangaa, hata mimi mwenyewe. Siku iliyofuata nilikuwa tena na nguo zangu za mfungwa, na vilevile hakuna aliyeshangaa. Gereza halikuwa na jina. Lilikuwa na ukuta, na ukuta ulitosha.

Na kila siku ilikuwa Jumanne. Hapo zamani, kama kulikuwa na zamani, amri ilitoka nje kwamba gereza likaguliwe kila Jumanne. Mkuu wa Gereza, mtu wa kupenda sifa, akataka lionekane limekaguliwa kuliko magereza yote, basi akaamuru siku zote ziwe Jumanne. Ukilala Jumanne unaamka Jumanne. Mtu aliyehukumiwa wiki mbili alizeeka humu akiisubiri Jumatano yake. Naye mkaguzi hakuongeza hata safari moja, maana amri ilisema aje Jumanne, haikusema ipi. Nilipoelezwa jambo hili nilicheka mpaka nikashika ukuta. Baadaye niliacha kucheka, ingawa jambo lenyewe halijaacha kuchekesha.

Mkaguzi alikuwa Bi Nyamvula. Nataka nimseme vizuri kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyomjua, na mtu asiyependwa hawezi kukusaliti. Anaweza kukudhuru tu. Alipofika mara ya kwanza alitoa leso, akafuta kiti. Nikadhani anajifutia. Akaniambia, “Keti, baba.” Tangu niingie humu hakuna mtu mwenye viatu aliyewahi kuniita baba. Nikakaa, na nusura nilie. Yeye akakaa kwenye kiti chenye vumbi, akaweka mezani kitu kilichofungwa kwa gunia.

“Unaijua hii?”

“Mizani, mama. Nyumbani tulipimia kahawa.”

“Hii haipimi kahawa,” akasema. “Kuanzia leo, askari akichukua kirungu utakipima. Akikirudisha utakipima tena. Usiandike utakachoambiwa. Andika utakachokiona.”

Ni hapo nilipojua jambo ambalo mgongo wangu ulikwisha kulijua bila kunijulisha. Kirungu kikimpiga mtu, hurudi kizito. Kinatoka na ratili moja na nusu, kinarudi na mbili, na mbili na robo. Sijui kwa nini. Koplo Ndimbo, askari wa zamu, alisema ni jasho la mikono. Mwinshehe alisema kinabeba sehemu ya yule aliyepigwa, na kwamba ndiyo maana waliopigwa sana hutembea wepesi, kama watu ambao upepo unaweza kuwachukua. Ninachojua ni kwamba uzito ule haukuisha kwa kufutwa wala kuanikwa juani. Uliisha kwa njia moja tu. Aliyepigwa aliitwa, aliyepiga akaitwa, sababu ikasomwa mbele ya wote wawili, na aliyepigwa akaachwa aseme mpaka achoke. Akinyamaza mwenyewe, bila kunyamazishwa, mshale wa mizani ulishuka taratibu mpaka pale kwenye ratili moja na nusu.

Niliandika sababu nyingi. Alitazama vibaya. Alichelewa kuitika. Aliitika upesi mno. Alikuwa amekaa kwa namna ya kudharau. Alisema asante kwa kejeli. Alikuwa pacha wa yule aliyekusudiwa. Sababu zikisomwa kwa sauti mchana kweupe huona haya zenyewe, na askari aliyeandikisha “aliitika upesi mno” alikwenda Jumanne nzima bila kumtazama mtu machoni. Virungu vikaanza kurudi vyepesi. Kulikuwa na Jumanne kumi na moja mfululizo ambazo vyote vilirudi kama vilivyotoka. Nilivipanga ukutani kwa namba zake nikavitazama kama mfugaji anavyotazama mbuzi wake, nikasema, hii kazi ni yangu na ninaiweza.

Mwinshehe alikuwa kinyozi wa gereza. Tulilala mkeka mmoja, tukagawana blanketi moja, na blanketi lile lilikuwa fupi kiasi kwamba ilibidi mtu awe ama mkarimu ama mwizi. Yeye alikuwa mkarimu. Kazi yake ilimfanya ajue vichwa vya watu wote, na vichwa vina habari zake. Jumanne moja, akininyoa, alisimamisha wembe nyuma ya sikio langu.

“Kaka Kondo, mizani yako inapima virungu tu?”

“Ndiyo kazi yake.”

“Mimi naona makovu mapya. Madogo, ya mviringo. Kirungu hakiachi kovu la mviringo.” Akaendelea kunyoa. “Kiatu mbona hakipimwi? Ufunguo je? Ngumi?”

Nilimjibu kwamba huwezi kupima mkono wa mtu, mkono umeshikana na mtu. Akacheka, akasema basi apandishwe mizani mtu mzima. Nikacheka naye. Lakini Mwinshehe hakuwa anatania. Bi Nyamvula alipokuja, wafungwa wote tukiwa tumechuchumaa kwenye mistari, alisimama peke yake.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Naomba kuuliza, kiatu mbona hakipimwi?”

Mkuu wa Gereza alikunja uso kidogo tu, kama mtu aliyeuma jiwe kwenye wali wa wenyewe. Bi Nyamvula alitabasamu. “Swali zuri sana hilo,” akasema. “Jina lako nani?”

“Mwinshehe wa Mgaya.”

Akaliandika kwenye kitabu chake kidogo. Mimi nilifurahi. Nilijiambia swali limeandikwa, na kilichoandikwa kitajibiwa. Kisha akaingia ofisini kwa Mkuu kunywa chai, na kile kitabu akiwa amekishika mkononi.

*

Kirungu namba tisa kilitoka asubuhi ile na ratili moja na nusu. Kilirudi kabla ya adhuhuri. Koplo Ndimbo alikileta mwenyewe, akakiweka kwenye sahani ya mizani, na sahani ikagonga meza. Ratili nne. Sikuwahi kuona ratili tatu.

“Nani, afande?” nikauliza.

“Kinyozi wako.”

“Sababu?”

“Andika alianguka.”

“Afande, mtu akianguka, uzito wa kirungu hauongezeki.”

Alifikiri. Ninasema kweli, alifikiri, na hilo ndilo lililonitisha, kwa maana hakuwa na haraka. “Basi andika alikiangukia,” akasema.

Niliandika ratili nne. Kwenye sababu niliandika kwamba askari anasema alikiangukia. Nikauona uandishi huo ni wa busara sana, wenye sumu ndani, ambao Bi Nyamvula ataufahamu mara moja akiusoma. Mtu mwoga akipata kalamu hujiona jasiri.

Mwinshehe alilala mkekani Jumanne tatu. Hakuitwa kusema, maana hakuwa na uwezo wa kwenda alikoitwa, na Mkuu alisema shauri haliwezi kufanyika mkekani, si utaratibu. Blanketi nilimwachia lote. Jumanne ya tatu alinishika kifundo cha mkono, akazungumza polepole, akipumzika katikati ya maneno.

“Dada yangu, Mwajabu, atakuja. Mwambie nilivyokufa. Usimpe maneno ya serikali.”

“Hufi wewe.”

“Kaka Kondo, nimekuambia wewe kwa kuwa humu ndani wewe ndiye ndugu yangu. Utamwambia?”

Nikasema nitamwambia. Kulikuwa na jua, wenzetu walikuwa wanapepeta mchele uani, na yeye akakata roho.

*

Hapa ndipo lilipo kosa langu la pili, na wala sikulifanya kwa ubaya. Nililifanya kwa adabu.

Niliomba kumwosha mimi. Wakaniruhusu, wakaniletea maji ndoo mbili na sanda ya shuka la zahanati. Nilipokuwa mdogo, mwalimu wangu wa chuoni alitufundisha kuosha maiti, akatuambia neno moja ambalo kila mwosha analijua: ukiona nuru, isimulie, ukiona kingine, kizike naye. Mwosha hatoki nje akatangaza aliyoyaona kwenye mwili wa mtu ambaye hawezi tena kujisitiri. Leo unaosha, kesho unaoshwa. Basi nikamwosha Mwinshehe, nikaona nilichokiona, nikafunika. Kwenye daftari la mizani sikuandika neno kuhusu mwili wake. Niliona kufanya hivyo ni kumvua nguo mara ya pili. Na kulikuwa na haja gani? Ratili nne zilikuwa pale kwenye daftari, na kirungu chenyewe pale ukutani, kizito bado, kwa kuwa aliyepigwa hakusikilizwa. Nilijiambia, chuma hakina adabu ya kuvunja, acha chuma kiseme.

Mwajabu alikuja Jumanne ile ile. Nilikuwa nafagia karibu na lango. Walimwambia kwenye kidirisha kwamba kaka yake amefariki kwa homa na amekwisha kuzikwa. Hakupiga kelele. Aliweka kapu lake chini, akauliza, “Alipigwa?” Askari akafunga kidirisha. Aligonga, akauliza tena. Kisha akaniona mimi kwenye ufa wa lango, na ufagio wangu.

“Wewe, kaka, ulimjua Mwinshehe?”

“Nilimjua.”

“Alipigwa?”

Ningeweza kusema ndiyo. Neno lenyewe silabi mbili. Nikasema, “Msubiri mkaguzi, dada. Kila kitu kimeandikwa.” Nikaendelea kufagia, na nakumbuka niliona fahari, kwa jinsi jibu langu lilivyokuwa la kistaarabu.

Mkaguzi akasubiriwa. Ilipita Jumanne baada ya Jumanne. Kila nilipofagia nilimwona Mwajabu pale nje, amekalia kapu lake lililogeuzwa, akimwuliza kila anayetoka. Alimwuliza mpishi, na dereva wa karandinga, na mpaka mtu aliyekuja kupaka chokaa ukuta. Mimi aliacha kuniuliza. Nilikuwa nimekwisha mpa jibu.

*

Bi Nyamvula alipokuja hatimaye, nilimpelekea daftari kwa mikono miwili. Alisoma. Akavua miwani, akaifuta kwa leso ile ile.

“Ratili nne,” akasema.

“Ndiyo, mama. Na mimi ndiye niliyemwosha. Niliyoyaona, mama…”

Akaniwekea mkono begani. “Usiseme. Wewe ni mwosha. Mwosha hasimulii, unajua hilo kuliko mimi. Mwache marehemu na sitara yake. Mizani itasema.”

Hakuna mtu aliyewahi kuniheshimu namna ile. Nilitoka pale nimenyooka. Leo najua alinivika kilemba cha ukoka, na mimi nikainama nimrahisishie kunivika. Lakini siku ile nilihisi kwamba duniani kuna watu wawili tu wanaoelewa mambo, yeye na mimi.

Kisha akaomba aachwe peke yake na mizani, akasema imechoka, inahitaji kurekebishwa. Nilimwona kupitia mlango uliobaki wazi kidogo. Alikiweka kirungu namba tisa kwenye sahani. Mshale ukaenda kwenye nne. Akapapasa chini ya sahani, akaipata parafujo, akaanza kuizungusha kwa ncha ya ufunguo wake, bila pupa, kama mtu anayetafuta stesheni ya redio. Mshale ukashuka. Nne, tatu na nusu, tatu. Moja. Alipofikia sifuri alisimama, akaangalia kwa makini, akaongeza kidogo tu upande huu, akarudisha kidogo upande ule. Alikuwa mtu wa kazi safi. Kirungu kilichomuua Mwinshehe kilikuwa pale juu ya sahani, na mizani ikasema hakuna kitu.

Niseme nini? Nilitaka kuingia. Miguu ilikuwa yangu na haikuwa yangu. Niliwaza, huenda ndivyo mizani zinavyorekebishwa, mimi mtu wa kahawa najua nini. Mtu anaposalitiwa na anayempenda, kazi ya kwanza ya akili yake ni kumtetea.

Nani alikishika kirungu? Mkono. Mkono wa nani? Wa zamu. Zamu ya nani? Ya Jumanne. Nani aliipa Jumanne zamu? Mkuu. Nani alimpa Mkuu jina la kinyozi? Kitabu. Nani alikuwa na kitabu? Mama aliyenifutia kiti. Nani alisema ni swali zuri? Yeye. Na nani alifurahi jina lilipoandikwa? Niliyefurahi alikuwa nani? Nilijitazama nguo, na kwa muda sikuweza kutambua zilikuwa za rangi gani.

Kuanzia hapo virungu vyote vilisoma chini ya sifuri. Namba tatu, hasi mbili na nusu. Namba saba, hasi mbili. Hata kilichotoka kumvunja mtu taya kilirudi hasi moja. Barua ikaja kutoka nje kulipongeza gereza letu, gereza la kwanza ambalo nguvu inayotumika ndani yake ni pungufu ya hakuna. Mkuu aliitundika ukutani. Watu walipigwa chini yake.

*

Siku ya shauri la Mwinshehe ilikuwa Jumanne. Meza ya kulia chakula ilitandikwa kitambaa cha kijani. Mkuu alikaa katikati, Bi Nyamvula kuliani kwake, na Koplo Ndimbo alisimama mlangoni, amenyolewa vizuri. Na nani, sijui, kwa kuwa kinyozi alikuwa chini ya ardhi. Mimi nilikuwa kwenye mizani yangu. Mwajabu aliingizwa wa mwisho. Ni mwanamke mfupi, kanga zake zimefuliwa mpaka maandishi yamefutika.

“Pole sana, dada,” alisema Bi Nyamvula. “Sema shida yako.”

“Sikuja kudai kitu, mama. Nina swali moja. Alipigwa?”

“Swali zuri sana hilo. Jina lako nani?”

Mwajabu akataja jina lake, likaandikwa.

Nikaamriwa nikipime kirungu namba tisa mbele ya wote. Nikakitoa ukutani. Mikono yangu ilijua. Kilikuwa kizito kama mtoto aliyelala, na nilikibeba kwa mikono miwili, na kila mtu mle ndani aliniona nikikibeba kwa mikono miwili. Nikakiweka. Mshale ukatulia.

“Soma kwa sauti, Nyapara.”

“Sifuri.”

“Umesikia, dada,” alisema Bi Nyamvula kwa upole. “Chombo hakina upande.”

Mwajabu hakuutazama mshale. Alikuwa ananitazama mimi. “Nani alimwosha?” akauliza.

Koplo Ndimbo alitazama dari.

“Mimi,” nikasema.

“Ulimwonaje?”

“Hapana, dada,” alidakia Bi Nyamvula. “Tusimvunjie marehemu heshima yake. Mwosha hasimulii aliyoyaona. Hayo ni yetu sisi wenyewe, tumefundishwa tangu chuoni.”

Mkuu aliinamisha kichwa. Koplo Ndimbo akasema Mungu amrehemu, na nadhani alimaanisha. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba nilikuwa nimekaangwa kwa mafuta yangu mwenyewe. Mizani waliiziba mdomo kwa parafujo. Mimi nilijiziba kwa adabu, nikampelekea mwanamke huyu kitambaa cha kunifungia.

“Nayajua hayo,” alisema Mwajabu. “Mama yetu alikuwa mwosha. Ameosha watu miaka ishirini, na sikumsikia akimtaja hata mmoja. Lakini alituambia kinachofunikwa ni aibu ya maiti. Kaka yangu hakujipiga. Sasa hii mnayoifunika hapa ni aibu ya nani?”

Mama huyo aliyezaa watoto wawili wa maswali, laiti ningemjua mapema. Mdomo wangu ukafunguka. Nilisema mgongo wote, kuanzia shingoni. Nilisema mbavu mbili za kushoto zilizama nilipopitisha maji, nikaondoa mkono nisimuumize, nikasahau kwamba haumii. Nilisema kiganja cha kulia, vidole vyote vitano, kimoja kimoja, maana walitafuta hasa ule mkono wa kushikia wembe. Nilisema kifuani alikuwa na kiatu. Soli nzima ilichapika pale, na kisigino chake cha chuma, na naweza kuichora sasa hivi mkinipa karatasi, na mwenye soli hiyo amesimama mlangoni.

Nilipokuwa nikisema nilisikia mlio mdogo. Bi Nyamvula alikuwa amefunika kalamu yake kwa kifuniko. Aliiweka mezani, akakunja mikono juu ya kitabu kilichofungwa.

“Endelea, baba,” akasema. “Tunakusikiliza.”

Niliendelea. Nikasema ratili nne, nikasema parafujo, nikasema jina la Mwinshehe na kitabu kidogo na chai. Maneno yalitoka yakatua kwenye kitambaa cha kijani, na hakuna aliyeyaokota. Mkuu alitazama saa. Bi Nyamvula alinitazama kwa macho yale yale ya huruma aliyonitazama nayo siku ya kiti, na nikaona kwamba hayakuwa yamebadilika hata kidogo, kwamba alikuwa anatuhurumia sisi sote kwa dhati wakati wote ule, na kwamba huruma yake haikuwa na kazi nyingine. Hilo liliniuma kuliko parafujo. Ningependa awe alijifanya.

Nilipomaliza nilikuwa nimelowa jasho, lakini nilikuwa mwepesi. Niliwaza, nimetimiza. Nikamgeukia Mwajabu. Nakiri nilitegemea kitu kutoka kwake, machozi labda, au asante.

“Kumbe ulijua,” akasema.

“Ndiyo, dada.”

“Siku ile ya ufagio, ulikuwa umekwisha kumwosha?”

“Nilikuwa nimemwosha asubuhi yake.”

Alitikisa kichwa polepole, kama anayekubaliana na mtu mwingine ambaye hayupo. “Kaburi lilikuwa bado bichi,” akasema. “Ningemfukua. Ningempeleka kwa daktari, kwa hakimu, ningembeba mgongoni nimpitishe sokoni watu wamwone. Sasa hivi amebaki nini cha kuonyesha? Umenipa maneno.”

“Mimi pia nilidanganywa, dada. Huyu mama aliniambia…”

“Nimesikia.”

Akajifunga kanga vizuri, akaanza kuaga, kwa adabu, mmoja mmoja, kama mtu anayetoka msibani. Mkuu, kwaheri. Mama, kwaheri. Alipofika mlangoni alisimama mbele ya Koplo Ndimbo, akamtazama viatu, akamtazama uso. Koplo aliinamisha macho. “Kwaheri, baba,” akamwambia, na akapita.

“Dada,” nikamwita. Sauti yangu ilitoka kama ya mtu anayeomba maji. “Na mimi?”

Aligeuka. Hakuwa na hasira, ningejua la kufanya na hasira.

“Hawa sikuwategemea kitu,” akasema. “Wewe alikuita ndugu.”

Akatoka. Hatua zake zilisikika mpaka langoni, kisha lango, kisha hazikusikika. Bi Nyamvula alisogeza daftari la mizani mbele yangu, akalifungua kwenye ukurasa wa kirungu namba tisa, pale ratili zangu nne zilipokuwa zimekatwa na kuandikwa sifuri kwa mwandiko wake safi. Akafungua kalamu, akanipa.

Nilitafuta sababu ya kukataa. Niliyokuwa nayo ilikuwa imetoka mlangoni na haikuniaga. Nikasaini.